Maswali ya Wasomaji: Tangi la Majitaka Lisilo na Njia ya Kutokea

SWALI: Ninajenga nyumba ya watu wanne mahali pasipo na bomba la umma la majitaka, na maji ya ardhini yapo karibu sana. Nimeshauriwa kuzika tangi la kuhifadhia majitaka. Nichague la ukubwa gani, tena la plastiki au la zege?

JIBU: Tangi la septiki hutoa maji yake yakanyweke ardhini, lakini hili halina mahali pa kutolea, hivyo kila kinachoingia hukaa humo mpaka gari la kunyonya lifike. Mtu mmoja akitumia lita 120 kwa siku, ninyi wanne mtatoa lita 480, na tangi la lita 10,000 litajaa kwa wiki tatu hivi. Kwa hiyo ulizia kwanza gari hubeba lita ngapi na mpira wake hufika wapi, na maji ya mvua yasielekezwe humo kabisa.

Kwa ardhi yako, ninachokihofia zaidi ni tangi kuelea. La plastiki likishanyonywa huwa jepesi, nayo maji yanayolizunguka hulisukuma juu hata yakang'oa mabomba, kwa hiyo ni lazima lifungwe kwa mikanda kwenye sakafu nzito ya zege. La zege huhimili vizuri zaidi, ila viungo vyake visipozibwa barabara, maji ya ardhini yatapenya na utalipia kuyanyonya. Weka pia boya lenye kengele ya kuonya kabla halijajaa, na mfuniko unaofungwa. Mtu asiingie humo hata kidogo, kwani gesi yake huua.