Laini ya simu kwa jina lako, mikononi mwa tapeli

Nimepigiwa simu na mtu nisiyemjua, anadai nimemtapeli. Namba iliyopokea pesa ina jina langu lakini si yangu. Imekuwaje? (Mama wa Mbagala)

Pole sana, mama. Kumbuka siku uliposajili laini chini ya mwavuli barabarani. Wakala akisema "kidole hakijasoma, weka tena", wengi tunaweka mara ya pili, hata ya tatu. Wakala asiye mwaminifu hutumia nafasi hiyo kufungua laini nyingine kwa jina lako, akaiuza. Ndiyo inayotuma zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia wanakukuta wewe. Inaniuma, maana anayebebeshwa kesi ni yule aliyetii alichoambiwa.

Piga *106# leo, uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute. Kisha ripoti polisi upewe RB, yaani namba ya taarifa yako, usisubiri wakutafute. Siku nyingine kidole kikikataa, mwambie wakala akuonyeshe kioo cha simu yake kabla hujaweka tena. Akigoma, ondoka.

Nilisahau kopi ya kitambulisho steshenari. Nina hatari gani? (Dodoma)

Kopi peke yake haisajili laini, kidole kinahitajika. Ila angalia namba ya NIDA iliyo kwenye kopi hiyo: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Kama namba yako ya siri ya pesa ni mwaka uliozaliwa, ibadilishe sasa hivi.

Simu yangu imekosa mtandao ghafla, wenzangu wanao. (Mwanza)

Azima simu yenye laini ya mtandao huohuo, piga 100, waombe wafunge laini na akaunti ya pesa. Huenda mtu ameihamishia namba yako kwenye kadi nyingine. Benki nao wajulishe, kwa sababu meseji zao za uthibitisho sasa zinamfikia yeye.

Shemeji ananiomba tarakimu sita za WhatsApp, anasema zimekuja kwangu kimakosa. (Tanga)

Usimpe. Anayeandika huenda si shemeji yako, akaunti yake imeshatekwa. Mpigie simu ya kawaida umwambie, halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp yako.