Ukiitwa dokta siku ya kwanza ya field

Mwanafunzi wa mifugo akishuka Nachingwea au Liwale, mkoani Lindi, kwa ajili ya field (mafunzo kwa vitendo), huitwa "dokta" kabla hajatua begi. Hapo ndipo tumbo huanza kukoroga, hasa mbele ya mfugaji aliyekua na ng'ombe na anayeitambua ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, kwa kuangalia manyoya tu. Usishindane naye. "Shikamoo mzee, naomba nimpime kwanza, na wewe uniambie umeona nini." Kisha uliza: ameacha kula lini, ametoka malisho gani, ameshachomwa dawa gani. Swali hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalopoteza watu.

Shaka inayosema "mimi siwezi kazi hii" haitibiki kwa sababu haina sura. Ibane mpaka itaje kitu kimoja. Hujui kama ana homa? Hiyo ni kazi ya kipimajoto. Ng'ombe mkubwa mzima ni nyuzi 38.0 hadi 39.3, mbuzi 38.5 hadi 40. Ncha iguse ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa. Ikizama kwenye mavi itasoma chini. Na ng'ombe aliyeswagwa juani kuja joshoni husoma juu bila kuumwa, basi mpumzishe kivulini nusu saa ndipo upime.

Unaogopa kuzidisha dawa? Andika hesabu, usiipige kichwani. Ng'ombe wa kilo 250, oksitetrasaikilini (antibiotiki) ya asilimia 20 ya kukaa muda mrefu, miligramu 20 kwa kilo: jumla miligramu 5,000. Kila mililita ina 200, kwa hiyo mililita 25. Zigawe sehemu tatu za misuli, isizidi mililita 10 kila sehemu, na vuta bomba kidogo kuona kama kuna damu kabla ya kusukuma. Chupa ya asilimia 10 hufanana sana na hii, kwa hiyo soma lebo kila mara, hata kama umeishika jana.

Slaidi ya damu, kioo chenye damu ya kuangalia kwa hadubini, ndiyo inayowavunja moyo wengi huku kwetu. Hewa ikiwa na unyevu, damu hukawia kukauka, seli zinajikunja, na mgeni anadhani anaona vimelea kila mahali. Futa mafuta kwenye kioo, chukua tone dogo la ncha ya sikio, laza kioo cha pili kwa nyuzi 30 hadi 45, sukuma mara moja bila kusita, kisha pepea mpaka ikauke kabla ya kuitia methanoli ya kuishikiza damu kwenye kioo. Nzi nao wasiachwe watue juu yake, wanakula damu yote. Za mwanzo zitakuwa nene kama uji. Tengeneza kumi, tupa saba, wala usione haya.

Ukikosa kimelea katika ng'ombe aliyekonda aliyetoka porini kwenye mbung'o, usiyalaumu macho yako. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ikishakuwa ya muda mrefu, vimelea huwa vichache katika damu. Slaidi moja safi haithibitishi kwamba mnyama hana ugonjwa. Rudia siku nyingine, na umwonyeshe anayekusimamia.

Lakini kuna shaka moja usiipige vita. Ng'ombe anatoa mate, analia kwa sauti iliyokwama, hawezi kumeza. Watu watasema amekabwa na embe: "Dokta, ingiza mkono!" Na wewe unataka kuonyesha kuwa unaweza. Usiingize. Inawezekana ni kichaa cha mbwa. Uliza kama kuna mbwa aliyeng'ata mifugo wiki au miezi iliyopita, mtenge mnyama, mpigie daktari wa mifugo wa wilaya. Mate yakishagusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na chanjo ya kinga iombe chuoni kabla hujapanda basi la kuja kusini.