Mtu asiyeonekana: uanze na ya 1933 au ya 2020?

Ndugu yangu wa Lindi, umeuliza kama filamu ya The Invisible Man ya 2020 inaeleweka bila kuona ya 1933. Inaeleweka vizuri tu. Ile ya zamani inamfuata mwanasayansi mwenyewe, dawa ndiyo iliyomficha na kumtia wazimu. Leigh Whannell, mwongozaji wa hii mpya, kaigeuza: tunakaa na mwanamke anayemkimbia mwanamume mkatili, na kinachomficha jamaa ni vazi lililojaa kamera. Elisabeth Moss, anayeigiza mwanamke huyo, anatazama kona tupu ya chumba, nawe unaitazama, hakuna kitu, moyo unadunda! Ila usichukue iliyotafsiriwa na DJ. Mimi niliionea kibanda umiza hapa Mtwara, maneno yakafunika ukimya wote, na ukimya ndio unaotisha. Tafuta ya asili, itazame usiku, hata feni uizime.