"P yangu imegoma kwenye 0.08, nifanyeje ishuke?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya mkoani Lindi. Nimepitia mafaili ya miaka mitatu ya wagonjwa walioumwa na nyoka. Kibali cha maadili ninacho. Nilitaka kujua kama wanaochelewa kufika ndio wanaoishia kufa nyama na kuhitaji upasuaji. Rejista ya wodi ina majina 127, mafaili niliyoyapata ni 96. Kati ya 40 waliofika ndani ya saa 6, waliopasuliwa ni 6. Kati ya 56 waliofika baada ya hapo, ni 17. SPSS, programu ya takwimu, inanipa p = 0.08. Mwenzangu anasema hapo hakuna makala, kwa kuwa haijashuka chini ya 0.05. Kuna kijana wa takwimu yuko Dar es Salaam, anasema kwa laki sita ataishusha chini ya 0.05, ataandika Kiingereza chote na jarida atatafuta yeye, ndani ya siku 10 imetoka. Nataka kuomba masomo ya ubingwa na makala ingenisaidia. Je, kuna kipimo cha takwimu ninachoweza kutumia mwenyewe ili p ishuke, nisimlipe?

JIBU: Marahaba, Dokta. Namba zako nimezigeuza kidogo kabla ya kuziweka hapa, maana kazi haijachapishwa na sitaki mtu akuwahi. Zichukuliwe kama mfano wa hesabu tu.

Kipimo cha kushusha p hakipo, na ukikipata usikitumie. Kipimo huchaguliwa kabla jibu halijaonekana. Kwa taarifa yako, ukitumia kai-skwea (kipimo cha kulinganisha makundi) yenye marekebisho ya Yates kwa wagonjwa wachache, namba hizohizo zinapanda kupita 0.13. Sasa ungefanyaje, urudi kwenye ile ya kwanza kwa sababu inakupendeza?

Swali hili naletewa kila ninapokaa na madaktari kuwafundisha uandishi, iwe Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, na linanichosha kuliko yote. Mtu ametumia likizo yake yote kwenye vumbi la masjala, ana kitu cha maana mkononi, halafu anataka kukitupa au kukipika kwa sababu ya namba moja. Mstari wa 0.05 haukushuka kutoka mbinguni. Ronald Fisher aliuweka katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwa sababu ulikuwa rahisi kutumia, basi. Mwaka 2016 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kwamba hitimisho la kisayansi lisitegemee tu kama p imevuka mstari fulani au haijavuka. Na bado wodini kwetu 0.049 inapigiwa makofi, 0.051 inazikwa.

0.08 yako inasema hivi: kama kuchelewa kusingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kama hii uliyoiona, au zaidi yake, ingejitokeza kwa bahati tu takriban mara 8 katika kila tafiti 100 za aina hiyo. Haisemi "hakuna tofauti". Haisemi pia kwamba kuna asilimia 92 ya uhakika kwamba kuchelewa ndiko kunakoharibu. Yote mawili nimeyasoma kwenye rasimu za madaktari wazuri tu.

Achana na p kwanza, andika sentensi hii: "Kati ya waliofika ndani ya saa 6, waliohitaji upasuaji walikuwa 6 kati ya 40 (asilimia 15), kati ya waliofika baadaye walikuwa 17 kati ya 56 (asilimia 30). Uwiano wa hatari ulikuwa 2.0, na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.9 hadi 4.7." Msomaji akifika hapo ameshaelewa kila kitu. Hatari kwa waliochelewa ilikuwa maradufu katika mafaili yako, lakini wagonjwa ni wachache, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa popote kuanzia hakuna tofauti mpaka karibu mara tano. Hiyo ni taarifa kamili. Mhariri anayejua kazi yake haikatai kwa sababu ya 0.08. Akiikataa, ataikataa kwa mambo mengine, na hayo ndiyo ulipaswa kuniuliza.

Kubwa ni mafaili 31. Rejista ina 127, umepata 96, na hao wengine umewapitia haraka kana kwamba ni jambo la masjala. Ni akina nani? Kama ni waliofia mapokezi na faili halikufunguliwa, picha yako yote inapinda. Kama ni waliopewa rufaa kwenda Ndanda au Ligula na faili likaondoka nao, inapinda kwa upande mwingine, maana hao ndio walioharibika zaidi. Mwongozo wa STROBE, ambao majarida mengi yanautaka kwa tafiti za aina yako, una vipengele 22, na kimojawapo kinadai useme idadi ya watu katika kila hatua: walioandikishwa, waliopatikana, walioingia kwenye hesabu. Rudi masjala. Kwa wale usiowapata, chukua kilichomo kwenye rejista, yaani umri, jinsia, kijiji, tarehe, alivyoondoka, ukiweke kwenye jedwali kando ya wale 96, msomaji aone kama wanafanana.

Halafu nyoka. Umewachanganya wote. Kifutu na swila sumu yao inaua nyama. Koboko sumu yake inapiga mishipa ya fahamu na pumzi, na mguu unaweza kubaki mzima kabisa huku mgonjwa anakata roho. Mgonjwa wa koboko hawezi kusubiri saa 12. Ama anawahi, ama hafiki. Kwa hiyo kundi lako la waliowahi linaweza kuwa limejaa watu ambao wasingepata kidonda hata wangechelewa wiki. Najua nyoka mara nyingi hatambuliwi, faili linaandika "nyoka" tu. Sema hivyo. Ila dalili zipo: uvimbe, malengelenge, kope kulegea, na kile kipimo cha damu kuganda cha dakika 20 kama kilifanyika. Wagawe kwa dalili.

Na kamba. Dokta, hili nakusihi ulitazame. Mgonjwa anayetoka kijiji cha mbali huwa ameshafungwa kamba ya katani au kipande cha khanga juu ya jeraha, ameshachanjwa chale, pengine na jiwe limeshabandikwa. Anayechelewa saa 10 amefungwa saa 10. Kamba iliyokazwa inaua nyama yenyewe, bila msaada wa nyoka. Unachokiita "kuchelewa" kinaweza kuwa kamba. Kama kwenye mafaili kuna mahali muuguzi aliandika "alifungwa", una makala nzuri kuliko ile uliyokuwa unaiwaza, tena inayoweza kubadilisha tunachowaambia watu vijijini kesho asubuhi. SPSS haiwezi kukuonyesha hilo. Unaliona wewe uliyemkatia mgonjwa ile kamba.

Nani kasema utafiti wa Kusini hauna soko? Katika mlipuko wa chikungunya wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa wake, homa na maungo yalivyowakaza, na mwaka 1955 maelezo hayo yakachapishwa Uingereza. Dunia iliujua ugonjwa wa chikungunya kutokana na kazi iliyotoka hapa, na hadi leo inarejewa. Uzito wake uko kwenye mgonjwa aliyeelezwa vizuri. Kuumwa na nyoka nako, tangu Shirika la Afya Duniani likuingize kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, kunatafutiwa takwimu za hospitali ndogo kama yako, kwa sababu za hospitali kubwa hazionyeshi kijiji.

Sasa huyo kijana wa laki sita. Nakwambia atakachofanya, maana nimeshaletewa majedwali ya aina hiyo nikaulizwa "Mwalimu, mbona yamekataliwa?" Atahamisha saa 6 iwe 4, kisha 8, kisha 12. Atawatoa watoto. Atawatoa waliolazwa siku moja. Atajaribu mpaka kitu kiteleze chini ya mstari, hicho ndicho akuletee, vingine hutaviona. Chukua mambo 14 yasiyotegemeana, yote hayana athari yoyote, yapime moja moja: uwezekano wa kupata angalau moja lenye p chini ya 0.05 ni zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo "taaluma" unayouziwa. Na ikigoma bado, atabadilisha wagonjwa wawili watatu kwenye safu, maana yeye hajawahi kuwaona. Ni kama kulowesha korosho kabla ya mizani: kilo zinapanda siku hiyo, ghalani zinaoza, na jina lililo kwenye gunia ni lako.

Na la siku 10 usilijadili hata kidogo. Wahakiki wawili wenye kazi zao hawasomi, hawajibu, na wewe hurekebishi, ndani ya siku 10. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi kabisa, kwa majarida 304 ya kusomwa bure, 157 yaliikubali. Barua pepe inayokuita "Mtafiti Mashuhuri" na kukosea jina lako inatoka kwenye ukoo huo. Angalia jarida kama liko kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure yaliyochujwa, au anza na ya kwetu yaliyopo kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wenyewe wanalo lao, Tanzania Journal of Health Research. Ukienda la nje lenye ada, omba punguzo au msamaha kabla ya kutuma, siyo baada ya kukubaliwa. Soma pia kibali chako kama kinakutaka uombe ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha. Wengi wanalisahau hilo. Kiingereza kisikunyime usingizi. Sentensi fupi zinatosha, na lugha inarekebishika. Data iliyopikwa hairekebishiki.

Siogopi sana makala yako moja. Naogopa tunavyozoea. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 96,000 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671, uliosema hydroxychloroquine inaongeza vifo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Tarehe 4 Juni makala ikafutwa: kampuni iliyosema inamiliki data, Surgisphere, ilikataa kuzitoa zikaguliwe. Moja ya mambo yaliyowashtua wakosoaji mapema ilikuwa Afrika. Eti karibu robo ya wagonjwa wote wa bara hili walikuwa kwenye hospitali zenye kumbukumbu za kielektroniki zinazonasa hata mapigo ya moyo yaliyoyumba kwa sekunde chache. Yeyote aliyewahi kusubiri faili dirishani katika hospitali zetu angecheka. Lakini ilipita kwa mhariri, ikapita kwa wahakiki, na waandishi wenza watatu waliweka majina yao juu ya data wasiyokuwa nayo mikononi. Hao watatu ndio waliokuja kuomba ifutwe.

Kwa hiyo nawaambia na wakuu wa idara, maana najua mnasoma: jina lenu likiwekwa kwenye makala ya kijana, mmekubali kuwajibika kwa kilichomo. Hilo ni sharti mojawapo kati ya manne ya uandishi ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, wala cheo hakimo kati ya hayo manne. Kabla ya kusaini, ombeni faili lenyewe la data, siyo majedwali. Chagueni wagonjwa 10, nendeni masjala, vuteni mafaili yao, linganisheni umri, saa ya kufika na alivyotoka. Mwandishi akianza kusema kompyuta imeingia virusi, msisaini.