Nani aliusugua ukuta huu wa mlimani?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Perugia, Italia. Mwezi uliopita tulipanda mlima Vettore, na karibu na kilele tukaona utepe mweupe wa mwamba umepita ubavuni mwa mlima kama umepigwa rula. Niliposogea nikaukuta laini, unarudisha jua machoni kama kioo, na una michirizi ya kushuka. Mwenyeji wetu akasema ni kazi ya tetemeko la 2016. Kweli sekunde chache zinaweza kung'arisha jiwe kiasi kile?
Msomaji, Perugia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenyeji wenu amechanganya mambo mawili. Tetemeko la 30 Oktoba 2016, la ukubwa wa 6.5, ndilo lililoufunua utepe huo: mlima una ufa pale, na upande wa chini wa ufa huo ulishuka, mahali pengine kwa karibu mita 2, na mwamba uliokuwa umefukiwa ukatoka nje. Nani aliung'arisha ni swali jingine, na nimelikalia miaka 19, kwa kuwa kazi yangu ni kukata mawe ya kutazamwa kwenye hadubini.

Wanafunzi wanaokuja kwangu nawaambia: acheni uso, tazameni ubavu. Uso unaong'aa unasema neno moja tu, kwamba vinundu vyake ni vidogo kuliko mawimbi ya mwanga, ambayo ni nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kwenye nyufa za mawe ya chokaa katika ukanda wa ufa mkubwa wa Bahari ya Chumvi, hadubini ya elektroni ilionyesha ngozi nyembamba ya chembe zilizosagika hadi chini ya mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, zikashikana.

Ngozi hiyo hubanduka kama gamba la samaki. Kwa hiyo kwanza naimwagia gundi ya epoksi, naiacha ikauke, ndipo nakata kwa msumeno wa almasi nikifuata michirizi, maana ndiko mwamba ulikoelekea. Kipande nakibandika kwenye kioo na kukisugua hadi kibaki unene wa milimita 0.03, mwanga upenye. Siku moja niliharakisha, gundi haijakauka, ngozi yote ikaenda na maji ya msumeno. Jiwe la mahali pale lilikuwa hilo moja tu, na mpaka leo linaniuma.

Ukichungulia, mbali na uso utaona fuwele za kalisaiti, madini yanayounda jiwe la chokaa, kubwa, angavu, zenye mistari sambamba. Ukisogea zinakuwa vipande, kisha punje, kisha unga wa kahawia ambao hadubini ya mwanga haiwezi kuutenganisha. Na mpakani kabisa utakuta punje imekatwa sawasawa na uso, kama dafu lililopigwa panga kali: nusu ipo, nusu haipo. Hapo mimi husimama kila mara. Nusu ile ilichukuliwa na upande wa pili wa ufa.

Sasa joto. Babu yangu alikuwa akichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Moto ukifika nyuzi 800 na kupanda, jiwe hutoa hewa ya ukaa, inabaki chokaa kavu. Ukiimwagia maji inachemka. Ukiipaka ukutani, polepole inainywa tena ile hewa na kurudi kuwa jiwe. Ufa nao unaweza kufanya hivyo. Tetemeko huuteleza mwamba kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde hivi, na msuguano unaweza kugeuza utando mwembamba kuwa tanuri kufumba na kufumbua. Shida ni kwamba chokaa ile ikikutana na maji na hewa ya ukaa huko chini inarudi kuwa kalisaiti, na ushahidi unafutika. Ndiyo maana natafuta vitundu vidogo vilivyoachwa na hewa ilipotoka.

Maabara moja ya Roma ina mashine ya kuzungusha mawe mawili yakisuguana kwa kasi ya tetemeko, na humo dolomiti, jiwe jamaa ya chokaa, iling'aa kama kioo. Wengi walitamani jibu liishie hapo, hata mimi. Lakini Utrecht, Uholanzi, walichukua unga wa kalisaiti wakautelezesha kwa mikroni 1 tu kwa sekunde, bila joto kubwa, nao ukang'aa vilevile. Kwa hiyo mng'ao peke yake haunitoshi kusema tetemeko lilipita. Kwa Vettore tunajua lilipita, kwa kuwa watu wa leo wameshuhudia. Kwa ufa wa kale nataka punje zilizokatwa, vitundu, na dalili nyingine za moto, vyote katika kipande kimoja.

Ukirudi, usigonge chochote, maana pale ni hifadhi ya taifa ya Monti Sibillini. Inama mahali ambapo ukingo wa utepe umemeguka wenyewe, weka lenzi ya kukuza mara 10, utazame ubavuni. Ukiona punje iliyokatwa, niandikie ina upana gani.