Ampilifaya ya vali: niambie vali zako kwanza, transfoma baadaye

Wadogo zangu mnaopiga gitaa hapa Mtwara, swali lenu kubwa ni moja: "Kaka, nimepata transfoma, itafaa?" Siwezi kujibu kabla sijajua utaweka vali gani (zile taa za kioo zinazokuza sauti), maana vali ndizo zinazochagua transfoma.

Vali inataka umeme wa aina mbili. Waya wa ndani unaoipasha moto unahitaji volti 6.3 tu, ila ampea nyingi. Anodi, yaani bamba la ndani linalopokea umeme mkubwa, inataka volti mia kadhaa, na ampea kidogo sana. Wengi hukodolea macho volti kubwa wakasahau hizo 6.3, na transfoma nyingi huungulia hapo. Pigeni hesabu. 6V6 moja (vali ya kusukuma spika) inakula ampea 0.45, 12AX7 (vali ndogo ya kukuza sauti ya gitaa mwanzoni) inakula 0.3. Ukiweka mbili mbili unapata 1.5, kwa joto letu hili, mimi ningechukua ya ampea 3 bila kusita. Ukipenda EL34, vali kubwa zaidi ya kusukuma spika, moja tu inakula 1.5. Mbili pamoja na 12AX7 tatu ni 3.9, basi tafuta ya ampea 5. Na ukitaka kugeuza umeme wa AC kuwa DC kwa vali ya 5Y3 badala ya dayodi, hiyo inadai koili yake ya pekee (waya uliosukwa ndani ya transfoma): volti 5, ampea 2.

Volti kubwa nazo zina mtego wake. Transfoma iliyoandikwa 275-0-275 (volti 275 kila upande wa waya wa katikati), ukitumia dayodi, inajaza kapasita, zile za kuhifadhi umeme, hadi volti 389 hivi vali zikiwa bado baridi. Umeme ukipanda kidogo unavuka 400. Kapasita za volti 400 ziacheni dukani. Wekeni za 450 au 500. Tena hiyo 275 ni nzuri kwa 6V6, lakini EL84, vali nyingine ya kusukuma spika, kikomo chake cha anodi ni volti 300, utaziua mapema.

Upande wa kuingilia uwe wa volti 230 au 240, hezi 50. Transfoma ya Marekani ya hezi 60 pekee iacheni hata mkiwa na kishusha volti, kwani kishushio hakibadilishi hezi, na chuma kitachemka. Ya maikrowevu msiiguse kabisa: inatoa volti kama 2,000, na inaua.

Ukipata ya redio ya zamani kwa fundi, iangalie kutu kwanza. Hewa ya chumvi ya pwani hii haina huruma na chuma. Kisha ijaribu ukiwa umeunga balbu ya kizamani ya wati 60 kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye transfoma, koili za kutolea zikiwa wazi, hazigusani wala hazijaungwa popote. Balbu ikiwaka kidogo au isiwake, endelea kupima volti kwa mita, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Ikiwaka kwa nguvu zote, koili za ndani zimegusana: mrudishie fundi, au mpe anayejua kusuka aisuke upya.