Sanduku la Huduma ya Kwanza Kazini: Nani Awe na Ufunguo?

SWALI: Nina karakana ya useremala Changamwe, na nimeajiri mafundi 14. Nimenunua sanduku la huduma ya kwanza nikalitundika ukutani, lakini jirani yangu mwenye karakana ya vyuma ananiambia kwamba sanduku peke yake halitanitosha mkaguzi akija. Je, sheria inanidai nini zaidi? Na je, kuna haja ya kumpeleka mtu akasomee?
Mwenye karakana, Mombasa

JIBU: Jirani yako amesema kweli. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinamtaka mwenye mahali pa kazi aweke sanduku au kabati la huduma ya kwanza la kiwango kilichoagizwa, alitunze, na aliweke mahali panapofikika kwa urahisi. Kisha kuna mambo mawili ambayo waajiri wengi huyapita haraka. La kwanza ni kwamba ndani yake hakiruhusiwi kitu chochote isipokuwa vifaa vya huduma ya kwanza, kwa hiyo risiti, chaja za simu na misumari iliyobaki, ambavyo havikosi kuingia humo, vitafutiwe droo yake. La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba sanduku liwe mikononi mwa mtu maalumu anayepatikana saa zote za kazi, na jina lake libandikwe ukutani ili kila fundi ajue amkimbilie nani.

Kuhusu mafunzo, nakushauri usingoje kubanwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza na kutoa vyeti. Wapeleke wawili badala ya mmoja, kwa sababu siku ya ajali huenda ikawa ndiyo siku ambayo yule mmoja yuko likizo, na wachague miongoni mwa wanaoshinda karakanani kwenye mashine, wala si karani ambaye nusu ya siku yuko benki. Kama ungelazimika kuchagua kati ya sanduku lililojaa pomoni na fundi mmoja anayejua kuzuia damu, ningekuambia umchukue fundi, ingawa sheria haikupi nafasi ya kuchagua.

Viwango vya vifaa, ambavyo kanuni huviongeza kadiri idadi ya wafanyakazi inavyopanda, ndicho kima cha chini tu. Wewe unajua kazi yenu ina hatari gani, nami naweza kukisia: msumeno wa umeme, randa ya mashine, na vumbi la mbao machoni. Kwa hiyo ongeza shashi safi na bendeji pana kuliko plasta ndogo ndogo, glavu za kutosha, mkasi unaokata nguo, na maji safi ya kusafishia macho. Aliyeingiwa na vumbi asisugue jicho, bali limiminiwe maji kwa utaratibu. Lakini kibanzi kilichochoma jicho kisichomolewe hapo karakanani, lifunikwe bila kukandamizwa na mtu apelekwe hospitalini.

Msumeno ukikata kidole kikatengana na mkono, jambo la kwanza ni kukandamiza jeraha kwa shashi na kuuinua mkono, na mtu mwingine akitafute kidole. Kidole hicho kifungwe katika shashi safi yenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko ndio uwekwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kwa kuwa baridi kali huua nyama na kumnyima daktari nafasi ya kukirudisha. Majivu na mafuta ya taa yakae mbali kabisa na kidonda.

Usafiri nao ni juu yako. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo pia ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri apange bila kuchelewa jinsi ya kumfikisha majeruhi hospitalini, na si haki mafundi kuanza kuchangishana nauli ya tuktuk huku mwenzao anavuja damu. Baada ya hapo, ajali iarifiwe kwa maandishi kwa ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo lako ndani ya siku 7. Ikiwa mtu amefariki, taarifa ya kwanza itolewe ndani ya saa 24.

SWALI: Ninafanya kazi katika jikoni la hoteli. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, lakini hufungiwa ofisini kwa meneja, ambaye huondoka saa kumi na moja jioni, ilhali sisi tunapika hadi saa tano usiku. Tukiomba plasta tunaambiwa bei yake itakatwa kwenye mshahara. Tufanyeje?
Mpishi, Voi

JIBU: Dada, sanduku lililofungiwa ofisini halifikiki kwa urahisi, na saa zenu za usiku ni saa za kazi kama za mchana, kwa hiyo lazima awepo mwenye dhamana ya sanduku kwa zamu hiyo pia. Plasta nayo ni wajibu wa mwajiri, wala hana ruhusa ya kukukata mshahara kwa kitu ambacho sheria imemtaka yeye akitoe. Wakati mnalifuatilia jambo hili, kumbukeni kwamba aliyeungua kwa mafuta au mvuke huhitaji maji baridi ya bomba kwa dakika 20, na pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno na unga havisaidii.

Hoteli yenu ikiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, inapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, na huko ndiko pa kuanzia, kwa maandishi. Kamati isipokuwepo au isiposikia, andikeni kwa ofisi ya kaunti ya Idara ya Usalama na Afya Kazini, ambayo maofisa wake wana mamlaka ya kuingia jikoni humo, kukagua, na kumpa mwajiri ilani ya kurekebisha kasoro kwa muda maalumu.